Kura ya Mafuriko: Ukisema Ndiyo, Umesema Ndiyo kwa Kitu Gani?

Oktoba 2024 jamaa yangu anayeishi Houston kule Texas alinitumia picha ya karatasi ya kura ya mfano, akauliza, kaka hii Proposition A ya huku mwisho ndo nini tena, mi nlijua tunachagua rais. Na kweli karatasi yenyewe ilikuwa ndefu kama risiti ya supamaketi mwisho wa mwezi, juu Trump na Harris, chini yao wabunge, halafu majaji, majaji, majaji mpaka macho yanauma, halafu kule mwishoni kabisa kisentensi kimoja kuhusu idara ya kudhibiti mafuriko ya kaunti kupandisha kodi. Nikamwambia hiyo usiiruke, hiyo ndo inaingia mfukoni kwako moja kwa moja. Akasema haya nieleze. Nikatuma voisi nouti saba, akajibu "bado sijaelewa", basi nimeona bora niandike tu, maana najua hayuko peke yake, Waswahili wa Houston sa hizi ni wengi, Wakongo, Wabongo, Wakenya, Warundi, na wengi wao wameshachukua uraia na kura wanapiga.

Kuna kitu pale kinachanganya hata wenyeji, tuanze nacho. Houston imekaa kwenye tambarare, udongo wa mfinyanzi usiokunywa maji haraka, na mvua ikinyesha wanategemea vijito vyao wanavyoviita bayou (unatamka bayu) viyabebe maji mpaka baharini. Mtaro wa barabarani mbele ya nyumba yako ni wa Jiji. Bayou yenyewe na mifereji mikubwa inayomwaga humo ni ya Harris County Flood Control District, yaani idara ya mafuriko ya Kaunti ya Harris, kaunti ilimokaa Houston, chombo kingine kabisa, kiliundwa na bunge la Texas mwaka 1937 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935 kuupiga mji vibaya. Kina kodi yake na bajeti yake. Kwa hiyo maji yakikuingilia kutokea barabarani wa kumuuliza ni mmoja, yakipanda kutokea nyuma kwenye bayou wa kumuuliza ni mwingine, na kura zao ni tofauti na pesa zao hazichanganyiki. Watu wengi wanapiga kura ya huyu wakidhani wanamkomesha yule.

Wanaoamua juu ya hicho chombo cha kaunti ni watu watano, makamishna wanne na mmoja anayeitwa County Judge. Jina lisikutishe, huyo si wa kukuhukumu kesi ya wizi wa kuku, ni kama mwenyekiti wa kaunti, na baraza lao wanaliita "mahakama ya makamishna" wakati wanapitisha bajeti na barabara na vitu kama hivyo. Mshike kichwani huyo County Judge, tutamrudia.

Sasa Agosti 2017 kimbunga Harvey kikatua pwani ya Texas tarehe 25, halafu badala ya kupita kikagoma, kikazungukazunguka palepale, mvua siku nne. Kaunti ya Harris peke yake nyumba zaidi ya 154,000 ziliingia maji. Na kama theluthi mbili ya hizo zilikuwa nje ya yale maeneo ambayo ramani ya serikali inayachora kama ya hatari, yaani mtu alinunua nyumba akaambiwa hapa salama, hata bima ya mafuriko hakukata kwa sababu hakuna aliyemlazimisha, akaamka usiku godoro linaelea.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile 25 Agosti 2018, kaunti ikaitisha kura: mnaturuhusu tukope mpaka dola bilioni 2.5 za kupambana na mafuriko? Aliyeisimamia kidete ni County Judge wa wakati huo, Ed Emmett, mtu wa Republican, chama ambacho kwa kawaida ukitaja kodi wanashika pua. Ikapita karibu asilimia 86. Ila waliojitokeza walikuwa kama laki moja na nusu tu, kwenye kaunti yenye wapiga kura waliojiandikisha zaidi ya milioni mbili. Kura yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Agosti, jua la Texas, hakuna kingine cha kuchagua siku hiyo. Mi sipendi huo mtindo. Nakubali kidonda kilikuwa kibichi na tarehe ilikuwa na maana kwa watu, lakini deni la bilioni mbili na nusu linalolipwa na kila mtu kuamuliwa na wachache hivyo, hata kama jibu ni zuri, linaacha mlango wa watu kusema baadaye mi sikuulizwa.

Haya, hiyo ruhusa ya kukopa maana yake nini? Hapa ndo watu wengi wanapotelea. Ukipiga ndiyo kwenye kura ya hatifungani, au bondi kama wengi wanavyoita, hujanunua bwawa na hujachimba mfereji. Umempa mtu ruhusa ya kwenda kuuza karatasi za deni kwa wawekezaji mpaka kiwango fulani, kidogokidogo kadri miradi inavyoiva, halafu deni na riba vinalipwa na kodi ya majengo kwa miaka mingi. Ile bilioni 2.5 ni dari, hakuna siku iliyoingia yote benki kwa mkupuo. Kabla ya hapo chombo kile kilikuwa kinapata kama dola milioni 60 kwa mwaka za kujengea, sasa piga hesabu mwenyewe, kwa mwendo huo bilioni 2.5 ungezikusanya kwa miaka arobaini na ushee, na Harvey nyingine haisubiri miaka arobaini. Ndo mantiki ya kukopa. Kaunti iliwaambia wenye nyumba kwamba wengi wao kodi yao haitapanda zaidi ya asilimia 1.4, na mzee wa miaka 65 au zaidi mwenye msamaha wa kodi na nyumba isiyozidi dola laki mbili hataongezewa chochote.

Kulikuwa na orodha ya miradi 237 wakati wa kura. Watu waliiangalia kama menyu, yaani nikipiga ndiyo naletewa namba 57. Haikuwa hivyo. Nyingi ya hizo hesabu zilisimama juu ya matumaini kwamba kaunti ikiweka dola moja, serikali ya Washington au ya jimbo itaongeza nyingine, ili ile bilioni 2.5 ifike kama 5. Na pesa ya serikali kuu ina fomula yake: gharama ya mradi inalinganishwa na hasara utakayozuia. Inasikika ina akili, sivyo? Sasa fikiria mifereji miwili inayogharimu sawa, mmoja unalinda mtaa wa nyumba za dola laki sita, mwingine unalinda mtaa wa nyumba za dola elfu tisini. Fomula inachagua mtaa wa kwanza kila siku, hata kama wa pili umefurika mara nne na watu wake hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo vijito vya kaskazini mashariki kama Halls Bayou na Greens Bayou, ambako wanaishi Weusi na Walatino wengi wa kipato cha chini, kila foleni walikuwa nyuma.

Ndani ya ile amri ya baraza iliyoitisha kura ya 2018 kulikuwa na kifungu kinasema pesa zigawanywe kwa haki. Maneno machache tu, lakini yalikuja kuwa vita. Novemba hiyohiyo Emmett akaangushwa na binti wa miaka 27, Lina Hidalgo wa Democrat, baraza likageuka likawa la Democrat, na 2019 wakatengeneza utaratibu wa kupanga miradi ambao unaangalia pia udhaifu wa watu wa eneo, kipato, umri, nani hana gari, vitu hivyo. Upande mmoja wakasema haya ndo tuliyopigia kura, upande mwingine wakasema hapana, sisi tulipigia kura mafuriko na nyie mnaleta siasa. Wote wawili walipiga ndiyo palepale! Hiyo ndo maana nasema orodha si ahadi. Anayeshika orodha baada ya kura ana nguvu kuliko kura.

Halafu ikaja kali zaidi. Mei 2021 Ofisi ya Ardhi ya jimbo la Texas, ambayo ndo inagawa pesa za serikali kuu za kujikinga na majanga baada ya Harvey, ikatangaza mgao wa kwanza wa karibu dola bilioni moja. Jiji la Houston: sifuri. Kaunti ya Harris: sifuri. Mahali palipoingia maji nyumba laki moja na nusu, sifuri. Watu wakapiga kelele mpaka Republican wa palepale, jimbo likageuka likasema litaipa kaunti milioni 750, na mwaka uliofuata wizara ya nyumba ya Marekani ikatoa matokeo kwamba utaratibu ule wa kugawa uliwabagua Weusi na Walatino. Wakati huohuo makamishna ilibidi watafute pesa ya kuziba pengo, wakaamua kuchota kwenye mapato ya barabara za kulipia na kuanzisha mfuko wake maalumu. Kwa hiyo dereva wa lori anayepita tu Houston kwenda Louisiana akilipa toli yake pale anachangia mfereji wa Halls Bayou, na kura hakupiga popote.

Turudi kwenye swali la jamaa yangu. Aliniuliza, kama 2018 walipewa mabilioni, 2024 wanataka nini tena? Swali zuri, na jibu lake fupi: pesa ya hatifungani ni ya kujenga, haikati majani. Mfereji ukishachimbwa unataka kufyekwa, kuzibuliwa, kingo zilizomomonyoka zizibwe, mabomba yaliyooza yabadilishwe, na hiyo kazi haina mwisho. Zege nyingi pale ni za enzi za mababu. Kazi hiyo inalipwa na kodi ya kila mwaka, sasa tangu 2019 Texas ina sheria inayosema chombo kama hiki kikitaka mapato yake ya kodi ya majengo yapande zaidi ya asilimia 3.5 lazima kiwaulize wapiga kura. Ndo ile Proposition A. Iliomba kiwango kitoke senti 3.1 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba kiende senti 4.897, ambayo ingeleta zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Kwa nyumba ya dola laki nne yenye msamaha wa kawaida wa mwenye nyumba unaongeza kama dola 60 kwa mwaka. Dola tano kwa mwezi, sahani moja ya chipsi mayai za kule hupati kwa hiyo hela.

Ikapita kwa asilimia 51 hivi. Linganisha: kujenga asilimia 86, kutunza kile ulichojenga asilimia 51, kaunti ileile, ndani ya miaka sita. Kuna wanaosema ni kwa sababu safari hii wapiga kura walikuwa wengi na wa kila aina, sio wale wa Agosti wenye uchungu peke yao, na hiyo ni kweli kabisa. Lakini nadhani pia hakuna mwanasiasa anayekata utepe kwenye mtaro uliofyekwa.

Upande wa Jiji nao wana kisa chao ambacho mimi nakipenda sana kwa sababu kinaonyesha maneno ya karatasi ya kura yanaweza kuua kitu kizima. Novemba 2010 Houston walipiga kura kuanzisha mfuko wa mitaro na barabara wa kulipa taslimu bila kukopa. Ikapita kwa kusukumana, asilimia 51. Kumbe lile swali kwenye karatasi lilizungumzia mfuko, mfuko, mfuko, lakini halikumwambia mtu waziwazi kwamba mwenye jengo ataanza kutozwa ada ya mitaro. Watu wakaenda mahakamani na 2015 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema ndiyo, mpiga kura hakuambiwa jambo la msingi. Ikabidi Novemba 2018 wapige tena, safari hii maneno yamenyooka, na ada yenyewe watu walikuwa wameilipa miaka kadhaa na wanaijua. Ikapita karibu asilimia 74! Yaani ulipowaambia ukweli wa bei ndo wakakubali zaidi (Harvey nayo ilisaidia, tusidanganyane). Na bado hayakuisha, wakazi wakaishtaki Jiji kwamba haliweki kwenye mfuko kiasi chote kilichoandikwa, na mahakama ya rufaa 2024 ikasema wako sahihi.

Nani anapiga hiyo kura, sasa? Texas ni rahisi, raia yeyote aliyejiandikisha, awe na nyumba au amepanga. Ukienda California mambo yanabadilika kabisa. Kule tangu 1996 wana sheria inaitwa Proposition 218, na ikiwa wanataka kutoza ada ya tuta la mto kwa mfano, wanaopiga kura ni wenye mali wanaotozwa, wanatumiwa karatasi kwa posta, na kura ina uzito wa pesa. Kama nyumba yako itatozwa dola 100 na ghala la jirani litatozwa dola 5,000, jirani ana sauti mara hamsini yako. Kampuni inapiga kura. Na hii Waswahili wengi hawaijui: kwenye kura ya namna hiyo huulizwi uraia, unaulizwa mali, kwa hiyo mwenye grini kadi aliyenunua nyumba Sacramento anarudisha karatasi yake kama kawaida, wakati raia aliyezaliwa palepale lakini amepanga apartimenti mara nyingi hana.

Wakiita kodi maalumu badala ya ada, basi ni wapiga kura wa kawaida lakini theluthi mbili lazima wakubali. Asilimia 66 ni kushindwa, fikiria. Kaunti ya Los Angeles walipita njia hiyo Novemba 2018 na kura iliyoitwa Measure W, senti 2.5 kwa kila futi ya mraba ya eneo lisilonyonya maji, paa, lami, zege, ikapita ikiwa na pointi chache tu juu ya mstari, na inaingiza kama dola milioni 280 mpaka 300 kwa mwaka. Hiyo naiona ya haki kidogo maana mwenye maegesho makubwa ya lami ndo anayewamwagia wenzake maji. Linganisha na kaunti tisa za ghuba ya San Francisco mwaka 2016, Measure AA, dola 12 kwa kila kiwanja kila mwaka kwa miaka 20. Kila kiwanja! Jengo la kampuni ya teknolojia lenye wafanyakazi maelfu dola 12, bibi mwenye kibanda chake dola 12. Ikapita kama asilimia 70, labda kwa sababu hesabu yake hata mtoto anaielewa.

Halafu kuna Fargo, North Dakota, kaskazini kabisa kwenye baridi, ambako mto wao unapanda theluji ikiyeyuka. Machi 2009 mto ulifika futi 40.84, haujawahi, watu wakajaza mifuko ya mchanga usiku na mchana. Miezi mitatu baadaye wakapigia kura nusu senti ya kodi ya mauzo, yaani sio nyumba inayotozwa, ni manunuzi dukani, na karibu watu tisa kati ya kumi wakasema ndiyo. Baadaye kaunti yao ya Cass nayo ikapitisha yake, na 2016 wakazirefusha kodi hizo mpaka mwaka 2084, mjukuu ambaye hajazaliwa ameshapangiwa. Pesa inaenda kwenye mfereji mkubwa wa maili 30 wa kuyazungusha maji nje ya mji.

Tatizo ni kwamba ili mfereji ufanye kazi lazima kuwe na bwawa la kuyashikilia maji upande wa juu, na upande wa juu kuna mashamba ya watu. Kaunti za Richland na Wilkin. Wilkin hata si jimbo hilo, ni Minnesota. Hao hawakuwa kwenye kura ya Cass, kwa nini wawe, si wakazi, lakini maji yaliyokatazwa kuingia mjini yanaenda kulala kwao. Walifungua kesi 2013, wakapatana 2020. Hapa ndo naona udhaifu mkubwa wa kura hizi zote, Houston, California, popote: mpaka wa kura umechorwa na wanasiasa na mpaka wa maji umechorwa na mvua, na havilingani hata siku moja.

Na kuhusu sisi wa kupanga. Jamaa yangu alikuwa na hoja, mi sina nyumba, kodi ya majengo inanihusu nini. Inakuhusu. Mwenye nyumba akipandishiwa anakupandishia wewe kwenye rent, hatakuandikia "hii ni ya bayou" lakini imo humo. Tofauti ni kwamba yule mwenzako wa Kigoma au Uvira aliyekuja kama mkimbizi na bado anasubiri uraia, analipa hivyohivyo na kura hana. Wewe unayo. Kwa hiyo ukifika mwisho wa lile karatasi usichoke, uliza tu: ni deni au ni kodi ya kila mwaka, ni ya kujenga au ya kutunza, nani atashika orodha kesho, na mfereji wangu ni upi.

Hilo la mwisho alilipenda. Pale kaunti kila mfereji una namba yake inayoanza na herufi ya bayou unakomwaga, W ni Buffalo, P ni Greens, na kadhalika, na ramani ipo wazi mtandaoni. Akaingia akatafuta nyuma ya apartimenti yake, kale kamtaro ambako watoto wanatupia mpira na yeye siku zote alidhani ni ka mwenye nyumba, akanitumia skrini shoti: inaanza na D. Brays Bayou. Akaandika chini yake, "kumbe kana jina."